Kuisoma picha ya Maurycy Gottlieb ya Siku ya Upatanisho (1878)

Muulizaji
Wakuu, naandaa somo la sanaa ya karne ya 19. Nimechagua picha ya Gottlieb ya Wayahudi wakisali kwenye sinagogi Siku ya Upatanisho. Nimeichapa kwenye A4, ila wanafunzi wanaona umati wenye huzuni tu. Nianzie wapi?

Mchangiaji 1
Karatasi ndiyo inayokuangusha. Picha halisi, iliyoko Tel Aviv, ina kimo cha sentimita 245 na upana wa 192. Kwenye A4 inapungua kama mara nane, maandishi yote yanapotea. Chapa vipande viwili vikubwa: mzee aliyeketi na gombo la Torati, na roshani ya wanawake.

Kitambaa kilichovikwa gombo kina maneno ya Kiebrania: kimetolewa kwa kumbukumbu ya marehemu Moshe Gottlieb. Huyo Moshe ni mchoraji mwenyewe kwa jina lake la Kiebrania, yu hai, kijana wa miaka 22! Kisha wamtafute: yumo mara tatu, mtoto, kijana, na mtu mzima aliyesimama katikati, kichwa kakiegemeza mkononi. Roshani yumo Laura Rosenfeld, aliyekuwa mchumba wake.

Mchangiaji 2
Alifariki Kraków mwaka uliofuata, kwa hiyo wengi hukimbilia kusema alijitabiria. Wazuie hapo. Kutoa kitambaa cha Torati kwa jina la marehemu ni desturi, na siku hiyo wafu hukumbukwa katika sala. Gottlieb ameichukua desturi iliyokuwapo akajiweka yeye mahali pa marehemu. Uzito wa picha uko hapo.

Wasikisie saa kwa kuangalia shali za sala walizovaa waumini pia. Kwa kawaida huvaliwa asubuhi, lakini Siku ya Upatanisho huvaliwa tangu jioni ya mkesha.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na uzuri wote huo wa mavazi, siku ya toba na kufunga?

Mchangiaji 1
Kupamba vitu vya ibada ni ibada. Ngozi ya Torati yenyewe haiguswi kwa mkono mtupu, msomaji hufuata mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha. Basi mapenzi yote huangukia kitambaa. Waonyeshe na picha ya rangi za maji ya Simeon Solomon wa London, ya 1867: kijana amelikumbatia gombo lililovikwa, uso umelielekea. Walinganishe mikono yake na ya yule mzee kabla hujawaambia lolote.