Vijana waliojeruhika moyoni: tuwajengee shule yao Mwanza au tubanane nao hukuhuku?

Mjomba wa Igoma

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili bila matusi maana kwangu liko ndani ya nyumba. Nina mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, ana miaka 16, form two hapahapa jijini, na nimeletewa barua ya tatu. Ya kwanza utoro, alikutwa soko la samaki la Mwaloni anabeba magunia ya dagaa. Ya pili kupigana. Hii ya tatu kapindua dawati na kumtukana ticha, wamemsimamisha na mimi nimeitwa mbele ya bodi Ijumaa.

Sasa ngoja niwaambie alikotoka. Dada alikuwemo kwenye kile kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka ziwani. Alitoka Ukara kwenda gulioni Bugolora na hakurudi, ile Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wameisha mchana mmoja na nchi kavu wanaiona. Mtoto alikuwa na miaka 9, yuko ufukweni na bibi yake. Halafu yule injinia akatolewa hai Jumamosi yake kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka, watu wakashangilia, na huyu mtoto akaamini basi na mama yumo humo ndani anasubiri zamu yake. Tukazika. Hakulia. Wazee wakasema kajikaza, dume hilo.

Nikamchukua huku. Primary alikuwa mpole mpaka walimu wanamsifia. Balaa limeanza sekondari. Darasa lao wako tisini na kitu, na yeye siku zote anakaa dawati la mlangoni. Siku ya tukio mvua ilikuwa inanyesha, ticha akamhamisha katikati na mlango ukafungwa, ndio hapo akapindua dawati akatoka mbio. Nilikuja kumuuliza taratibu tu tuko nje tunamenya mihogo, akaniambia "mjomba mle ndani watu wakijaa nashindwa kuvuta pumzi." Jamani. Miaka saba naishi naye na sikuwahi kuwaza hilo. Na kaburi la mama yake hajaenda tena, maana kufika Ukara lazima upande chombo.

Hoja yangu ni hii. Viziwi wana shule, wasioona wana shule, pale Mitindo Misungwi watoto wenye ualbino wanasoma, wenye usonji kuna vitengo. Hawa walioumia ndani wana nini zaidi ya kiboko na barua? Nasikia Marekani na Uingereza kuna shule kabisa za vijana wa hivi, darasa watoto wachache, mwanasaikolojia yumo humohumo shuleni, hesabu na tiba vinaenda pamoja. Kwa nini Kanda ya Ziwa nzima tusipiganie angalau moja?

Ngosha wa Mabatini

Pole kwa msiba mkuu. Ila tusidanganyane, nani hajafiwa? Mimi baba alikufa nikiwa la tatu, nilichapwa shule nikanyooka, leo nina fremu mbili Buhongwa. Fungua hiyo shule uone kila mtundu wa mji huu atakavyokuwa na "msongo wa mawazo" ghafla.

Ticha Kayenze

Ngosha wewe ulinyooka, je uliosoma nao wako wapi? Hatuhesabu waliopotea.

Mimi ni mwalimu na nimekuwa mwalimu wa nidhamu miaka sita kwa hiyo nina dhambi zangu hapa. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, kwa kibali cha mkuu wa shule, na viandikwe kwenye kitabu. Nyote mmesoma shule, mnajua vinavyochapwa na vinavyoandikwa. Ila nimwambie mjomba ukweli wa upande wa pili: ukiwa na watoto tisini kipindi cha dakika arobaini huna namna ya kujua nani amepindua dawati kwa jeuri na nani kwa hofu. Wote wanafanana usoni. Kwa hiyo mimi naunga mkono shule maalumu, tena kwa sababu ya ubinafsi kabisa, wale themanini na tisa nao wana haki ya kusoma.

Mtumishi wa Bwana

Huyo kijana aombewe kwanza. Mengine yatafuata.

Mjomba wa Igoma

Mtumishi tumeshaombewa mara mbili na kwa mganga bibi alishampeleka pia. Naheshimu, lakini bodi ni Ijumaa.

Mkereketwa

Shule si ipo? Irambo kule Mbeya ya serikali, watoto walioshindikana wanapelekwa huko.

Bibi Ustawi Mstaafu

Hapana mwanangu, hapo ndipo tunapochanganya kila siku. Irambo ni shule ya maadilisho, mtoto anafika kule kwa amri ya mahakama baada ya kukutwa na kosa la jinai, mambo hayo yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Huyu wa Igoma kosa lake nini, kupindua dawati? Maumivu ya mtoto yakisubiri mpaka yawe kesi ndio apate msaada, basi sisi wenyewe ndio tunaomtafutia kesi. Nimekaa ustawi wa jamii miaka mingi, faili nyingi za watoto waliofikishwa polisi ukizisoma kutoka nyuma kwenda mbele utakuta mwanzo kabisa kuna msiba, au baba wa kambo, au nyumba iliyokuwa na ngumi kila usiku.

Nipo Minnesota

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu wa Sengerema niko huku Marekani, nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya aina hiyohiyo anayoisema mjomba, kwa hiyo niwape picha halisi siyo ya kwenye tivii.

Darasa letu lina vijana wanane na watu wazima watatu. Kila mmoja ana mpango wake wa maandishi, amewekewa malengo ya masomo na malengo ya tabia, na kila mwaka lazima mzazi aitwe mezani uangaliwe upya. Hiyo siyo hisani, ni sheria ilianza 1975, na hela inatoka serikalini siyo kwa mzazi. Asubuhi hatuanzi na hesabu, tunaanza kwa kuulizana umelalaje, umekula nini, leo moyo uko wapi. Kijana akianza kupanda mori kuna chumba cha kupoa, anakwenda mwenyewe bila kuomba ruhusa. Wengine wanafanikiwa kurudi shule zao za zamani na ukimwona amerudi unalia.

Sasa uchungu wake. Sheria hiyohiyo inasema mtoto asome na wenzie kadiri inavyowezekana, kutengwa ni mpaka mengine yameshindikana. Na kuna kipengele kinanikera sana, kinasema mtoto ambaye ni mkorofi tu wa jamii hahesabiwi mpaka ithibitike ana shida ya hisia. Yaani wanachotaka ni kile alichosema ticha, kutenganisha jeuri na hofu, na nawaambia huku wenye mashine zote na madigrii wanabishana mpaka leo. Halafu angalieni nani anabandikwa hilo jina, watoto weusi wamejaa kwenye hilo kundi kuliko idadi yao shuleni. Kwetu watakuwa nani? Mtoto wa mkurugenzi wa Capri Point au yatima wa mwaloni?

Na za bweni ndio usiseme. Zipo za biashara wanazipeleka milimani na majangwani kama Utah, kijana anachukuliwa usiku kitandani mzazi amesaini. Paris Hilton yule tajiri alikaa moja akiwa binti akaja kusimulia hadharani alivyoteswa, na Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya kuzichunguza. Kwa hiyo mkijenga, jengeni ya kutwa. Kijana alale kwao.

Mama Nyasaka

Hapo kwenye bweni acha niongee mimi. Wangu nilimpeleka shule moja ya binafsi, siitaji, mkoa wa mbali, tuliambiwa wanarekebisha tabia. Ada niliuza kiwanja. Simu hakuna, barua zinasomwa kwanza na matroni, kutembelea mara moja kwa muhula. Mwaka mmoja akarudi ametulia kweli, majirani wakanipongeza, anaosha vyombo, anasema shikamoo mpaka kwa paka. Mimi nikafurahi. Ilinichukua miezi kugundua kwamba mlango wa chumba ukigongwa anasimama wima pembeni ya kitanda mikono nyuma.

Sikumpeleka tena. Tunahudhuria kliniki ya akili hospitali ya Bugando sasa, taratibu.

Ngosha wa Mabatini

Mama Nyasaka pole sana. Hapo sina la kusema.

Dagaa Mkavu

Mnawajadili kama hawapo humu. Mimi nilikuwa mmoja wao, nilifukuzwa form three kwa kumpiga kiranja. Niwaulize kitu kimoja tu wanaotaka shule maalumu, sare itakuwa rangi gani? Maana siku ya kwanza tu nikipanda daladala ya Kisesa na hiyo sare konda atasema "haya chizi sogea nyuma" na gari zima litacheka, na hapo mmeshaniua hata sijafika kwa huyo mwanasaikolojia wenu. Mtaa huu ukiipa shule jina limekwisha, hata muandike Tumaini au Nuru getini.

Bi Leicester

Mdogo wangu umesema jambo zito. Huku Uingereza mwaka 2014 walilitoa neno "tabia" kwenye jina la kundi hili, wakaweka afya ya akili, kwa sababu neno lilikuwa linamtangulia mtoto mlangoni.

Ila kuna kitu nadhani kinatufaa kuliko jengo jipya. London kuanzia kama 1970 kulikuwa na mama mmoja mwanasaikolojia, Marjorie Boxall, alianzisha vyumba ndani ya shule za kawaida. Chumba kimoja, watoto kama kumi au kumi na wawili, watu wazima wawili, kuna kochi na meza, wanakunywa chai na mkate pamoja kila siku na kupitishiana siagi kama nyumbani. Jina la mtoto linabaki kwenye rejista ya darasa lake, lengo ni kurudi huko baada ya mihula michache. Sare ileile. Kwetu ni uji na mihogo tu, hilo linatushinda?

Ticha Kayenze

Dada chumba tungepata, hata stoo ya majembe ningeitoa. Tatizo hao watu wazima wawili. Sisi mwalimu wa malezi ana vipindi kama wengine wote, ushauri nasaha anaufanya mapumziko amesimama na chapati mkononi. Walimu wa elimu maalumu wanaotoka chuo cha Patandi wakifika huku wanapangiwa viziwi na wasioona kwanza, na hawatoshi hata huko. Halafu hivyo vyumba ulivyosema ni vya watoto wadogo. Mpe uji jibaba la miaka 17 lenye ndevu uone.

Dagaa Mkavu

Ticha jibaba linakula uji. Mwaloni kulikuwa na mama muuza samaki alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama nimekula. Nilikuwa namjibu vibaya. Lakini nilikuwa napita kwake makusudi ili aniulize.

Bibi Ustawi Mstaafu

Mimi bado nasimama na kituo kimoja cha kutwa, kidogo, kwa wale ambao chumba hakitawatosha. Wapo, nimewaona, mwenye kujikata mikono na viwembe hatibiwi na uji peke yake. Lakini kiwe na daktari anayekuja siku zinazojulikana na mzazi alazimike kuhudhuria, siyo mahali pa kumtupa mtoto halafu unarudi Desemba.

Mjomba wa Igoma

Nimesoma zote, nimesoma na ya Mama Nyasaka mara mbili. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kuulizia bweni. Nimeacha. Kuhusu shule maalumu bado sijakubaliana na nyie wote, ticha yuko sahihi kwamba bila watu hata chumba ni chumba tu, lakini hayo hayatajengeka kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo bodi nitawaomba vitu vidogo. Nitawasimulia habari ya kivuko, maana nimegundua hakuna mwalimu hata mmoja anayeijua, sikuwahi kuwaambia. Nitamwombea radhi kwa yule ticha na yeye mwenyewe aombe. Na nitaomba arudishiwe dawati lake la mlangoni.

Ticha Kayenze

Omba na mlango usifungwe mvua ikinyesha.

Ngosha wa Mabatini

Na maji yakiingia darasani?

Ticha Kayenze

Watasogea.