MREJESHO: Yule daktari wa "punguza mwili kwanza"

Wadau nimerudi. Niliuliza nifanyeje, maana kila nikimweleza daktari hedhi inatoka nyingi na nahema nikipanda kilima cha kwetu Bugarika, ananijibu punguza mwili kwanza, hata kunigusa hanigusi. Basi nikaenda kwingine, nikakuta daktari dada mmoja hivi, akatafuta ule mkanda mkubwa wa kupimia presha, kumbe mdogo ukibana mkono mnene presha inasoma juu kuliko ilivyo (nilikuwa sijui aisee), akanipiga utrasaundi, fibroidi hizo (uvimbe) kwenye kizazi, na damu imeshuka. Uzito tumeongea pia, BMI (kile kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) imepita 30, yaani unene uliozidi, sikatai, ila aliomba ruhusa kwanza, hakuanza na acha ugali na sato. Nimeanza vidonge vya kuongeza damu, mwezi ujao tunaamua kuhusu uvimbe. Yule wa kwanza simwendei tena ng'o.