Bendi imevunjika, nimebaki na besi peke yangu. Dakika 90 nizijaze na nini?

Shela_Besi (Malindi)

Assalaam aleikum wapendwa, na habari za jioni kwa wote.

Mimi mpiga gitaa la besi, lile la nyuzi nne za sauti nene, mwaka wa 14 huu, hapa Malindi. Tulikuwa watano, kila Ijumaa twapiga kwenye hoteli moja ya ufuoni: chakacha, zilizopendwa, na nyimbo mbili tatu za Kiitaliano, wageni wetu mwawajua. Mwezi uliopita meneja akatuita, akasema hesabu hazikubali. Wa gitaa kenda Mombasa, wa kinanda kenda kuoa, wa ngoma karudi kwenye boti ya mjomba wake, mwimbaji kanuna hata simu hashiki. Nikabaki mimi. Nikaambiwa njoo na gitaa lako, tupigie kitu cha polepole, dakika 90. Nafikiri kwake yeye gitaa ni gitaa. Sikumsahihisha, nina watoto wa kulisha.

Ijumaa ya kwanza nilipiga mistari yangu ile ile ya siku zote. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu, wa upande wa pili humsikii. Mzee mmoja wa Kiitaliano alimwita mhudumu akamuuliza wenzangu watafika saa ngapi.

Basi nikaanza kujifungia chumbani. Hamoniki, zile sauti za kengele za kugusa uzi bila kuubonyeza, nazipata kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12, ya 7 na ya 5. Kuchapa kwa dole gumba najua kiasi. Kugonga nyuzi kwa mikono miwili kama mtu wa kinanda nimeanza juzi. Kila kimoja peke yake chapendeza. Nikiviunga katika wimbo mmoja ni kama sanduku la fundi limemwagika sakafuni.

La pili. Jumamosi nafundisha watoto wawili wa dada yangu barazani, mmoja 15, mwengine 13. Yule mdogo, msichana, juzi alichukua kijiko cha chai akawa akiteleza nacho juu ya uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote. Nikamkanya, nikamwambia kwanza ashike mapigo. Usiku walipolala nikakitafuta kile kijiko nikajaribu mwenyewe. Sauti tamu, kama mtu anayeita kwa mbali.

Sasa naomba ushauri: mtu mmoja na nyuzi nne afanyeje asichoshe watu? Na watoto, niwaachie wachezee au niwabane kwanza?

Kayamba_Kavu (Watamu)

Pole kaka. Lakini besi peke yake ni wali mkavu. Tafuta mchuzi.

DabalBesi (Unguja)

@Kayamba_Kavu watu wameshaula huo wali mkavu zamani. Barre Phillips, mpiga besi Mmarekani, aliingia kanisani London mwaka 1968 na besi yake ya kusimama, hakuna mwingine, akarekodi.

Mkuu Shela_Besi, mimi niko kwenye kikundi cha taarabu huku, napiga dabali besi, hiyo hiyo ya kusimama. Nusu ya maisha yangu nimeimaliza nyuma ya fidla nikisubiri zamu isiyofika, kwa hiyo upweke wako naujua. Kosa lako nalijua pia maana nilishalifanya. Umeanza na mbinu. Anza na watu walioondoka.

Wameondoka wanne na kila mmoja kaacha kiti. Nani alikuwa anashika mapigo? Nani alikuwa anaimba? Kila mbinu ikalie kiti cha mtu mmoja, isiyo na kiti iache nyumbani. Unajua hiyo ya dole gumba ilianzaje? Larry Graham, mpiga besi wa Marekani, alikuwa kijana akipiga na mama yake, mama yuko kwenye piano, mpiga ngoma hawana. Dole gumba likawa ngoma kubwa, kidole cha kuvuta uzi kikawa snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Kijana wa watu alikuwa anaziba pengo tu.

Kwa chakacha fanya hivi. Mapigo sita. Dole gumba kwenye la kwanza na la nne, hilo ndilo vumi lako, ngoma nene. Katikati weka noti bubu: kiganja cha kushoto kifunike nyuzi bila kubonyeza, cha kulia kichape, utasikia "tk". Hiyo ndiyo chapuo, ngoma ndogo. Chapa nyuzi juu ya pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini yake, usichape mbao. Pikapu ya sumaku inasikia chuma kinachotikisika, habari za mbao haina. Nimeona vijana wakipiga boksi la gitaa mpaka kiganja kinawaka na kwenye spika hakitoki kitu.

Mwimbaji yuko kwenye uzi wa G. Uache A ulie wazi chini, vidole vipande na wimbo kwenye G. Chagua nyimbo unazoweza kuzipiga kwa A, D au E ili uzi wa chini usikuhitaji. Wimbo wa B flati, usio na uzi wake wazi, kwa besi peke yake ni adhabu.

Hamoniki umeishia njiani. Freti ya 12 ni nusu ya uzi, ya 7 theluthi, ya 5 robo. Endelea. Moja ya tano ya uzi iko nyuma kidogo ya freti ya nne, milimita tano hivi kuelekea kichwa cha gitaa. Moja ya sita iko mbele kidogo ya freti ya tatu. Wengi wanazikosa kwa sababu wanaweka kidole juu ya freti yenyewe. Gusa kama unagusa jicho la mtoto aliyelala, chuna, kidole kitoke hapo hapo. Hiyo ya moja ya tano itakuja chini kidogo kuliko noti ile ile ukiibonyeza kwenye freti. Gitaa lako halina kasoro, ndivyo uzi ulivyo. Jaco Pastorius, mpiga gitaa la besi wa Marekani, kwenye albamu yake ya kwanza, 1976, ana kipande cha besi peke yake kilichojengwa juu ya hamoniki hizi. Kitafute, usikie anavyoacha noti za chini zikae chini yake.

Fundi_Spika (Mombasa)

Mie mtu wa vyombo, muziki siujui. Swali: hiyo hoteli wapiga ndani au nje?

Shela_Besi

Nje, barazani, bahari iko mbele yangu. Spika ndogo ya hoteli.

Fundi_Spika

Ndipo penye tatizo hapo. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiwa wazi ni hertz 41 hivi, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, wimbi lake lapita mita nane. Ukumbini kuta zalirudisha. Barazani kwako lenda zake Shelisheli. Na hiyo spika ndogo yenyewe 41 haiitoi, wewe wasikia kwa kuwa uzi uko mikononi mwako, mgeni asikia mkwaruzo tu. Pandisha nyimbo zako juu, freti ya 7 kwenda mbele, na spika isogeze ukutani, ukipata kona bora zaidi. Noti za chini zitumie kama pilipili.

Mtoto_wa_Lupu (Nairobi)

Mbona mnamchosha jamaa? Anunue pedali ya lupu. Anarekodi mstari wa chini pale pale mbele ya watu, unazunguka, yeye anapiga juu yake. Dakika 90 zimeisha.

DabalBesi

Sikatai lupu, lakini asianze nayo. Mstari ukichelewa hata kidogo, kosa hilo hilo litakurudia mara mia mbele ya watu wanaokula. Halafu yeye anataka kufundisha watoto. Mtoto akizoea mashine imshikie mapigo, siku ikikosekana anabaki anaelea.

Mtoto_wa_Lupu

Mashine ndiyo iliyonifundisha mapigo mimi. Haya, tusigombane.

Bi_Noti (Kilifi)

Nafundisha muziki shule ya msingi, mwaka wa 22. Mwanangu Shela_Besi, umemkanya mtoto na kijiko? Kisha usiku wewe ndiwe ukakichukua? Kesho mpe kijiko chake.

Mimi siamini habari ya kwanza hiki kisha kile. Mtoto wa miaka 13 ukimwekea mazoezi ya noti ndefu mwezi mzima atakwenda kucheza mpira. Nina mchezo wangu, hata kwa kayamba na tari naucheza. Uzi mmoja, sauti saba. Nampa mtoto uzi mmoja anitolee sauti saba zisizofanana, kisha kila moja aipe jina, jina lake mwenyewe. Mmoja aliburuta ukucha kwenye uzi mnene akaita "mlango wa nyanya", yaani bibi yake. Mpaka leo darasa zima laiita hivyo, na nikisema mlango wa nyanya kila mtu ajua afanye nini na ukucha wake.

Lakini sauti haihesabiwi mpaka aipige kwa mapigo, mwenzake akipiga makofi. Makofi hayasimami. Akipotea, sauti hiyo imetoka, atafute nyengine. Hapo utakuwa umewabana na wao hawajui.

Tahadhari ya mikono: gitaa la besi la kawaida lina uzi wa sentimita 86 hivi kutoka nati ya kichwani hadi daraja la nyuma linaloshika nyuzi, mkono wa msichana wa miaka 13 usiunyooshe kwenye freti ya kwanza. Aanzie ya 5 kwenda juu, nafasi ni ndogo. Kuchapa kwa dole gumba dakika chache kisha apumzike, na akisema kifundo chauma, gitaa chini siku hiyo. Usimwambie avumilie.

Vitu vya kuongezea sauti unavyo nyumbani. Kipande cha sponji ya godoro chini ya nyuzi karibu na daraja chafupisha sauti, yawa kavu na nene. Risiti ya duka ipitishe kati ya nyuzi, juu ya huu chini ya ule, italia kama kayamba.

Kayamba_Kavu

Risiti ilie kama kayamba? Bi Noti, hapo umenitusi.

Chizi_la_Benga (Kisumu)

Hamoniki zikikataa usilaumu kidole, angalia nyuzi. Huko kwenu hewa ya chumvi inakula chuma. Nyuzi zilizokufa hazitoi kengele hata apige Jaco mwenyewe. Kama mpya ni ghali, zitoe uzichemshe kwa maji dakika kumi, ukaushe vizuri kabisa, rudisha. Uchafu utatoka na zitang'aa wiki moja mbili. Kutu haitoki. Na kila ukimaliza kupiga, futa kwa kitambaa kikavu.

Shela_Besi

Shikamoo Bi Noti, nimekubali makosa. Wengine wote asanteni. Nyuzi nimechemsha, mke wangu sasa ataka sufuria nyengine.

Mchezo wa sauti saba tumeucheza Jumamosi mbili. Mkubwa alifika nne akakwama, akaanza kurudia. Mdogo alikuwa na sita, ya saba haimjii, mimi nishaingia ndani kunywa chai. Nasikia besi yalia sebuleni na spika nimeizima. Natoka, namkuta kaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo, achuna uzi wa A. Kabati zima laimba. Mbao ndiyo spika! Ameiita "kabati". Makofi hayakusimama, nikamhesabia.

DabalBesi

Ndiyo sababu besi yangu ina tumbo kubwa hivi. Huyo mtoto mlete Unguja.

Shela_Besi

Wapendwa, narudi na habari za Ijumaa.

Nilifuata kiti kwa kiti. Nyimbo sita tu, zote kwa A na D, nikazirefusha. Nilianza na noti bubu peke yake mpaka nikaona miguu ya watu chini ya meza yaanza kutikisika, ndipo nikaweka vumi, kisha wimbo kwenye G. Hamoniki niliziweka mwisho wa beti, pale mwimbaji wetu alipokuwa akivuta pumzi. Kugonga kwa mikono miwili nimekuacha, bado hakujapata kiti. Sponji nilitumia wimbo mmoja, risiti mmoja. Spika ukutani.

Dakika ya 40 hivi stima ikapotea. Giza, jenereta haliwaki, na besi bila stima ni kipande cha ubao. Wahudumu wakaanza kuleta mishumaa. Nikakumbuka kabati. Kulikuwa na meza ya buffee, mbao nzito ya zamani, nikawaomba waondoe sahani upande mmoja, nikaegemeza kichwa cha gitaa pale, nikachuna A. Si kubwa kama spika, lakini watu walinyamaza wenyewe ili wasikie. Wawili watatu wakaja kuweka viganja juu ya meza. Nikapiga kwa kijiko, polepole, labda robo saa. Stima iliporudi meneja alikuja kuuliza kama naweza kufanya "ile ya meza" kila wiki. Nikamwambia kuna fundi wake, ana miaka 13, lazima tukubaliane naye bei.

Sasa ombi: katika ile robo saa uzi wa G umekatika darajani, palipokuwa na kutu. Maduka hapa wana seti nzima tu. Kuna mwenye G mmoja wa ziada kabla ya Ijumaa?

Kayamba_Kavu

Ninao, aliuacha shemeji yangu. Nitauleta mwenyewe Ijumaa saa kumi na moja. Kayamba naja nayo. Hiyo risiti itupe.