Chembe za dhahabu: DLS inasema nanomita 48, hadubini 18. Nishike lipi?

Swali
Wakuu, tumepika chembe za dhahabu za kutengenezea vipimo vya haraka: mililita 50 za kloridi ya dhahabu 0.01% zikachemshwa, tukatia mililita 1 ya sitreti ya sodiamu 1%. Rangi nyekundu safi, kilele cha ufyonzaji (mwanga unaofyonzwa zaidi) nanomita 521. Hadubini ya elektroni inatoa wastani wa 18, ila DLS (mashine inayokadiria ukubwa wa chembe kwa mwanga) inasema 48, PDI (kipimo cha ukubwa wa chembe kutofautiana) 0.34. Tumwage?

Jibu 1
Usimwage, mkuu. Zingekuwa zimegandana, rangi ingeelekea zambarau na grafu ya ufyonzaji ingeinuka kati ya nanomita 600 na 700. DLS haihesabu chembe. Inapima mwanga unaotawanywa, na mwanga huo hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo. Chembe moja ya nanomita 100 hutawanya sawa na 15,625 za nanomita 20! Vumbi kidogo tu linaharibu kila kitu. Chuja kwa chujio la mikromita 0.2, suuza kuveti (kichupa cha kupimia sampuli) kwa maji yaliyochujwa vilevile, na uishike shingoni tu. Kuzimua, tumia sitreti milimola 2. Maji matupu huidhoofisha sitreti inayozikinga chembe. Hata ikiwa safi DLS itazidi 18 kidogo, maana inapima chembe pamoja na tabaka la maji linalotembea nayo.

Jibu 2
Angalia halijoto pia. Sampuli ikiwa na 20 °C huku mashine ikikokotoa kwa 25 °C, kipenyo kinazidi kwa karibu asilimia 15. Na ukiona kwenye DLS kilele kidogo cha nanomita 2 hadi 5, kwa kawaida si chembe ndogo, ni kuzunguka kwa chembe zisizo duara kamili.

Muuliza swali
Asanteni. Na kingamwili za kushikiza kwenye dhahabu tuweke kiasi gani?

Jibu 1
Kwanza pandisha pH hadi 8.5–9 kwa kabonati ya potasiamu, ukipima kwa karatasi. Elektrodi ya mita ya pH huziba kwa dhahabu. Panga mirija yenye mililita 1 ya dhahabu, weka kingamwili kuanzia mikrogramu 2 hadi 20, subiri dakika 10, kisha tia mikrolita 100 za chumvi 10%. Mirija yenye kingamwili pungufu, isiyotosha kuzikinga chembe na chumvi, inageuka buluu papo hapo. Wa kwanza kubaki mwekundu ndio kiwango chako cha chini. Ongeza kidogo juu yake.