Mjadala: Lugha ya mashindano ya baiskeli tuichukue kama ilivyo, au tuipe maneno yetu?

Ndugu zangu, mchangiaji mmoja ameandika kwamba msamiati wa mashindano ya baiskeli uachwe kama ulivyo, kwa sababu kanuni za shirikisho la kimataifa zimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na kijana wetu akifika huko asije akababaika. Hoja yake ina uzito, lakini sikubaliani nayo.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, niliyatazama kwenye simu nikiwa kibandani kwa fundi baiskeli pale Uyole. Kijana mmoja anayebeba viazi kutoka Isyonje alikuwa akisubiri pancha yake izibwe, akasikia neno pelotoni likirudiwa, akauliza ni timu ya nchi gani. Nilipomweleza kwamba ni lile kundi kubwa linalokwenda pamoja, alijibu papo hapo: "Kumbe msafara." Kijana huyo anajua bila kufundishwa na kocha kwamba upepo ukivuma, anayejikinga nyuma ya mwenzake huchoka kidogo kuliko anayetangulia. Jambo lenyewe analo tangu zamani. Alichokosa ni jina, na hata hilo amelitoa mwenyewe.

Tena, tukichukua neno bila kulichunguza huenda tukachukua na tusi lililomo. Mwendeshaji anayemkinga kiongozi wake na upepo, anayemletea maji, na hata kumpa gurudumu lake akipata pancha, Wafaransa humwita domestiki, yaani mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1911 Henri Desgrange, aliyekuwa akisimamia Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, alilitumia neno hilo kumdhalilisha mwendeshaji Maurice Brocco, akimtuhumu kuwasaidia washindani wengine kwa malipo. Sisi tunaye mpambe, anayesimama kando ya bwana harusi na nyuma ya Rais, wala hakuna anayemdharau. Kwa nini basi tumwite mtumishi?

Sisemi kila neno litafsiriwe. Katika mpira wa miguu tuna kona na penalti, na tunayo pia kuotea, ambayo leo haimpi mtu shida. Breki na gia zibaki. Lakini anayeshika mkia, ambaye Wafaransa humwita taa nyekundu kwa kumfananisha na taa ya behewa la mwisho, kwa mtu wa Mbeya aliyezoea kuiona TAZARA ikipita, ni taa ya mkiani tu. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wasanifishe, ila maneno yaokotwe barabarani kwanza.

Lipo moja linalonisumbua. Yule anayechomoka msafarani akaenda peke yake tumwite nani? Mtoro silipendi, kwa kuwa linamfanya aonekane amekimbia wajibu, hali ndiye anayeubeba upepo wote kifuani. Mnaopandisha Kitonga na Mlima Nyoka kwa baiskeli, ninyi mnamwitaje?