Mtoko wa Jumapili na watoto watatu: nivae nini nisiishie kwenye dera lile lile?

Mama Watatu (Tabata)

Wapendwa, habari za mchana. Naombeni ushauri, na anayetaka kunisema aniseme tu, povu ruksa.

Nina watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4, na huyu wa mwisho wa miezi 9 anayenyonya kana kwamba analipwa. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa pamba. Hela sikuwa nayo, ila Karume nilikuwa nafika alfajiri mabelo yanafunguliwa, nachagua mwenyewe, nampelekea fundi anabana hapa anaachia pale, Jumatatu watu wananiuliza nimenunua duka gani.

Sasa Jumapili yetu iko hivi: ibada ya kwanza, mchana tunakula kwa mama mkwe Mbagala, jioni tunapitia Coco Beach watoto wachezee mchanga na baba yao ale mihogo. Ratiba naipenda, siilalamikii. Shida yangu ni nguo. Nguo hiyo hiyo moja ipite mbele ya wazee wa kanisa, ikae na mimi mkekani namenya vitunguu kwa mama mkwe, iende ikapigwe na upepo wa baharini, na katikati ya yote hayo ninyonyeshe.

Wiki mbili zilizopita nikasema leo najipenda. Nikatupia gauni langu la kitenge, limekaa kiunoni, zipu mgongoni. Kanisani nilipendeza, sitajifanya mnyenyekevu. Tumefika Mbagala, mtoto akaanza kulia njaa. Nikaingia chumbani kwa mama mkwe nishushe zipu, ikang'ata kitambaa katikati ya mgongo. Haipandi, haishuki. Mtoto analia, maziwa nayo yamesikia sauti yameanza kutoka, mabaka mawili mbele. Wifi akaja na kipande cha sabuni, akasugua meno ya zipu, ikashuka inchi mbili ikagoma tena. Mwisho ulikuwa mkasi. Nilitoka chumbani nimevaa dera la mama mkwe, rangi ya karoti, linanitosha mimi na wifi kwa pamoja. Picha zote za Coco siku hiyo niko nalo.

Mume wangu akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Si ungevaa tu dera lako tangu asubuhi." Hakuwa na ubaya. Labda ndiyo maana iliniuma. Usiku nikapitia picha kwenye simu. Ubatizo, Mbudya, Coco mara sijui ngapi: watoto wanabadilika viatu, wanaota meno, wanang'oka meno, mimi niko pembeni ndani ya dera la zambarau kama pazia la sebuleni.

Na muda ndio sina. Naamka saa kumi na moja, nawaogesha, nawavalisha, namsuka wa kati mabutu, napanga begi la nepi. Ikifika saa moja na robo baba yao yuko kwenye gari anapiga honi. Hapo mimi nimebakiwa na dakika tano, ndani ya dakika tano dera linashinda kila kitu.

Mnafanyaje wenzangu? Au ndiyo umri wa kujipamba umepita nikubali yaishe?

---

Kibibi Chuma

Naweka kambi hapa. Nina dera la kijani.

---

Ngosha wa Ilala

Wanawake kwa kujitafutia kazi hamjambo. Umeolewa, una watoto, mume anakutoa kila Jumapili, wenzako hata Jumapili yenyewe hawaijui. Unataka kupendeza umpendezee nani? Halafu Tabata, Mbagala, Coco kwa siku moja, hiyo ni familia au daladala?

---

Mama Wanne

Ngosha, kajibu uzi wa mpira.

Mleta mada, mimi ninao wanne na nimepita hapo hapo. Nikuambie kitu kimoja kilichoniokoa: vaa wewe KWANZA. Usicheke. Amka, oga, vaa gauni lako, jipake chochote unachojipaka, kisha jifunge khanga mbili juu, moja kifuani moja kiunoni. Baada ya hapo ndipo uingie vitani. Uji ukimwagika umemwagikia khanga. Mafuta ya mtoto yamekwisha kwenye khanga. Honi ikilia unazivua mlangoni, unatoka umekamilika. Zamani nilikuwa najivalisha mwisho, na mwisho huwa haufiki.

Na nguo za watoto zipangwe Jumamosi usiku mpaka soksi. Hasa soksi. Nyumba nyingi Jumapili zinagombana kwa ajili ya soksi moja.

---

Fundi Mpole (Buguruni)

Mimi ni fundi cherehani, niseme kuhusu hiyo zipu maana imeniuma kama vile niliishona mimi.

Anayenyonyesha hashonewi zipu ya mgongoni. Fundi aliyekushonea alitakiwa aulize. Mwambie akukatie gauni lenye mishono miwili inayoshuka toka begani kupita kifuani mpaka kiunoni. Ndani ya mishono hiyo anaficha zipu mbili fupi, zile nyembamba zisizoonekana, kila moja inchi 7 au 8. Mtu akikutazama anaona mshono tu. Mtoto akilia unafungua upande mmoja, mwingine umetulia. Kama zipu zinamshinda, basi gauni la kupishana kifuani, lile la kufunga kamba ubavuni. Linafunguka kirahisi, na tumbo likipanda likishuka baada ya uzazi unaongeza au unapunguza kamba tu.

Chukua kitenge cha yadi 6 cha kotoni. Gauni refu la mikono mifupi litakula kama yadi 4, zinazobaki mtoe shati la kijana na kilemba chako. Kabla ya kukata kiloweke kwanza kwenye maji, ukifue, ukianike kivulini. Kitenge kipya kina tabia ya kuchuja na kuingia ndani. Wengi wanakuja kwangu wananiambia nimewabania kumbe kitambaa ndicho kilichosinyaa.

Mifuko lazima. Miwili, ya ubavuni, mkono uzame mpaka kwenye kifundo. Mama asiye na mfuko hushika funguo kwa meno.

Halafu Coco miezi hii ya kusi upepo si wa mchezo. Usishone gauni la mwamvuli. Likate lishuke taratibu, na kwenye pindo fundi akufichie sarafu nne, mbili mbele mbili nyuma. Ndiyo, hela. Mimi naweka za mia mbili. Gauni halipandi hata uwe umebeba mtoto mkono mmoja na kiatu cha mwingine mkono wa pili.

---

Kibibi Chuma

Fundi unapatikana Buguruni sehemu gani? Namaanisha kweli.

---

Bint Darajani (Unguja)

Mie naona dera linasingiziwa bure. Mwenzangu, dera si kosa lake, kosa ni lile unalolivaa. Hilo la zambarau nakisia ni la kuteleza, linanasa mwilini ukitoka jasho, na chini huna shumizi. Sivyo?

Kwetu jioni tukitoka na watoto Forodhani, dera ndilo vazi. Lakini mtu analichagua: la kotoni laini, rangi iliyokukubali, shumizi nyeupe ndani iliyotiwa lesi chini ili ukinyanyua kidogo kupanda ngazi ionekane lesi na si goti. Mtandio umeoana nalo au umelikataa makusudi. Nguo imefukizwa udi tangu usiku. Hina mkononi kama una nafasi, nayo hukaa wiki nzima huna haja ya kuishughulikia tena. Mtu wa hivyo akipita na watoto watano nyuma huwezi kumwita pazia.

Tena kunyonyeshea hakuna mfano wake, mtandio unashuka, kwisha. Hilo la zambarau likate matambara ya kudekia.

---

Baba Mapacha

Wakuu, nimesoma uzi wote na mnaongelea kitambaa. Mimi nimeona honi.

Dada kaandika kaamka saa kumi na moja, kaogesha watatu, kavalisha watatu, kasuka, kapanga begi. Baba yuko kwenye gari. Nimeitambua hiyo honi kwa sababu ilikuwa yangu. Nilikuwa najiona mtu wa kujali muda.

Siku moja mke wangu alisafiri kwenda msibani Jumamosi, Jumapili nikaachiwa mapacha wa miaka 3. Ibada ya saa moja na nusu nilifika wakati wa matangazo. Mmoja kavaa viatu viwili vyote vya kushoto, kimoja cha mwenzake. Tangu hapo wa kuoga na kuvaa ni wangu, nywele nimesamehewa. Honi sijapiga tena.

Dada, mwambie mumeo. Si kwa ugomvi. Anaweza kuwa hajui kabisa, mimi sikuwa najua.

---

Ngosha wa Ilala

Mkuu umetuuza.

---

Mwanamisi wa Kisauni (Mombasa)

Dadangu, mimi nyongeza ndogo. Leso mbili begini, siku zote, hata kama umevaa gauni la malkia. Sisi jioni tukiteremka Mama Ngina kula viazi karai na madafu, leso moja ni ya kukalia, ya pili ni ya kila kitu: kumbebea mtoto akilala, kumfunika, kujifunga ukirowa, kumfutia mwenye mafua. Leso yaokoa nguo nzuri kuliko sabuni. Lakini angalia jina lake kabla hujaitandika mbele ya mama mkwe. Mimi nilitandika moja iliyoandikwa maneno ya kusuta, kumbe mawifi wanasoma. Siku hiyo chakula kilinyamaza kimya.

---

Mama Wanne

😂😂 Mwanamisi nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Halafu mleta mada, hayo mabaka ya maziwa usiyamwagie maji ya moto, yatagandamana humo. Maji ya baridi kwanza, kisha sabuni. Ya chachandu ya mihogo anza na sabuni ya vyombo ikate mafuta. Ya manjano ya mchuzi wa mama mkwe yafue uanike juani, jua litayala lenyewe siku mbili tatu.

---

Mama Watatu (Tabata)

Wapendwa nimerudi, samahani kwa kimya, wiki tatu hizi nilikuwa nakimbizana na fundi. (Si Fundi Mpole, huyu wangu wa mtaani. Nilimsomea maelezo yote toka kwenye simu akasema "huyo mtu anajua kazi" kwa sauti ya mtu aliyechukia.)

Kwanza niwaambie la nyumbani. Nilimwonyesha mume wangu post ya Baba Mapacha. Akasoma, akarudia kusoma, akasema, "Sasa kama mmoja kavaa viwili vya kushoto, vile viwili vya kulia vilikuwa wapi?" Ndicho kitu alichokiona. Nikasema haya, nimeongea na ukuta. Jumamosi usiku namkuta sebuleni kapanga nguo za watoto kwenye kochi, jozi jozi, na soksi ndani ya viatu. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Asubuhi akawavalisha wakubwa wawili. Shati la kijana lilifungwa vifungo kwa kuruka kimoja, nikalinyamazia, tumekwenda nalo hivyo hivyo mpaka Mbagala, mama mkwe ndiye aliyelirekebisha.

Mimi nilivaa kwanza kama alivyosema Mama Wanne, khanga juu. Nilikuwa na dakika ishirini nzima. Sikujua nizifanyie nini, nikapaka wanja mara mbili.

Gauni: kitenge cha bluu ya bahari na machungwa, zipu mbili za kifuani hazionekani kabisa. Kwa mama mkwe nimenyonyesha nimekaa hapo hapo mkekani na mtandio begani, wifi ananitafuta chumbani kaja na sabuni yake tayari. Leso nilizibeba, majina nimeyasoma. Dera la zambarau nimelikata matambara. Bint Darajani ulibahatisha yote, hata shumizi sikuwa nayo.

Coco upepo ulikuwepo kweli. Mdada mmoja mbele yetu alikuwa anapigana na sketi yake kwa mikono miwili. Mimi nimesimama na mtoto mkono mmoja na muhogo mkono wa pili, pindo limetulia. Picha ziko kumi na moja na zote nimo, katikati, hata ile niliyofumba macho siifuti.

Jambo moja tu, Fundi. Huyu wangu wa miaka 4 alikuwa amelala miguuni kwangu mchangani, akasikia kitu kigumu kwenye pindo. Sikumwona anavyotoboa uzi. Nimeshtuka anarudi toka kwa muuza ubuyu mdomo mwekundu, gauni limeanza kupepea upande mmoja. Kwa hiyo pindo langu sasa lina sarafu tatu, na kila tukitoka anakuja kulipapasa.