Usalama wa vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi nje: tusiwafundishe kuitikia tu

Kutoka: Mama wa Mbagala

Ndugu zangu mlio nyumbani na mlio ughaibuni, nawasalimu nyote.

Mwanangu wa kiume amepata kazi ya ghalani Uingereza na ataondoka mwezi ujao, na binti wa marehemu dada yangu anasubiri viza ya kwenda kufanya kazi za ndani Falme za Kiarabu. Wote wawili wameelezwa mengi kuhusu nauli, mizigo na mavazi ya baridi, lakini sijasikia mtu akiwaeleza namna ya kufanya kazi na kurudi nyumbani wakiwa wazima. Ninyi mliotangulia, niambieni jambo ambalo mama zenu wangewaambia kabla hamjapanda ndege, lingewaepusha na mengi.

*

Kutoka: Kaka wa Tabata

Mama, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kisha nikautazama mkono wangu wa kushoto, kwa sababu kidole cha pete hakipo, na kukosekana kwake ndilo jibu langu. Niliishi Uingereza miaka 11 kabla ya kurudi Dar es Salaam.

Ilikuwa wiki yangu ya pili katika ghala la vyakula. Mkanda unaosafirisha maboksi ulikwama, na msimamizi akaniambia jambo kwa haraka, kwa lafudhi ambayo bado sikuwa nimeizoea, huku kelele za mashine nyingine zikiyameza maneno yake. Nilidaka neno moja tu, lile la kuzima. Nikaitikia kwamba sawa, kama nilivyolelewa kumwitikia mkubwa, nikiamini amesema mashine imekwisha kuzimwa. Kumbe alikuwa ameniagiza niizime mimi. Mkanda ulikuwa umesimama kwa sababu boksi lilikuwa limeubana, umeme ulikuwa bado unapita, na nilipolichomoa boksi lile mkanda ukaondoka na mkono wangu.

Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka mingi, na sidhani kwamba kilichoniumiza ni Kiingereza changu kidogo. Kilichoniumiza ni kule kuitikia. Kwetu mtoto akiitwa huitika abee au naam kabla hajajua anaitiwa nini, na mkubwa akieleza jambo, kumwambia kwamba hujaelewa na unaomba arudie huonekana ni kumkosea adabu. Malezi hayo yametulea vizuri na siyadharau, lakini msimamizi wa kigeni hajui kwamba ile sawa yako ni heshima tu. Yeye huichukua kuwa ni ahadi kwamba umeelewa, akageuka na kwenda zake.

Kwa hiyo, Mama, muda huu uliobaki mzoeze mwanao kurudia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe kabla hajanyanyua mguu. Ukimtuma dukani, asikujibu kwa kukuitikia. Akuambie anakwenda kununua nini, kiasi gani, na arudi na chenji ngapi. Huko ghalani ataweza kusema: nilivyoelewa, unataka nizime swichi ile, niifunge kwa kufuli, ndipo nitoe boksi, ni hivyo? Na akiona bado giza, aombe aonyeshwe kwa vitendo. Kuhusu kufuli, asione ni jambo la ziada. Anayesafisha au kutengeneza mashine hufunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka amalize, ili mtu mwingine asije akaiwasha mashine mikono ya mwenzake ikiwa ndani.

Ajue pia kwamba Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974 inamtaka mwajiri wa Uingereza awape wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi, na inamkataza kuwatoza fedha kwa vifaa vya kujikinga ambavyo sheria inamtaka awape. Akiambiwa kwamba riflekta na buti za chuma zitakatwa kwenye mshahara, aulize. Na ajali ikitokea, hata ndogo, iandikwe siku hiyo hiyo katika kitabu cha ajali. Wakala aliyenipeleka pale alinishauri niseme kwamba nilijikata nyumbani kwangu, tena kwa sauti ya upole kama ya mtu anayenitakia mema. Ningemwitikia na huyo, nisingepata fidia yoyote.

Kuna karatasi moja ambayo huchanganywa na karatasi za kuajiriwa, na vijana wengi huisaini bila kuisoma. Sheria za huko zinaweka ukomo wa wastani wa saa 48 za kazi kwa wiki, lakini mfanyakazi anaweza kukubali kwa maandishi kuvuka ukomo huo. Asilazimike kuisaini, na kama ameshaisaini, anaweza kuitengua kwa kutoa taarifa kwa maandishi. Ninalisisitiza hili kwa sababu uchovu huua watu ambao mashine zimewashindwa. Kijana mmoja wa kwetu aliambiwa zamu yake inaanza saba, naye kwa hesabu yetu ya saa akafika saa saba mchana, ilhali alitakiwa saa moja asubuhi. Kwa kuogopa kufukuzwa aliunganisha zamu mbili, na alipokuwa akirudi usiku kwa baiskeli alisinzia akaingia mtaroni. Mwanao aandike saa zote mbili, ya kwetu na ya kwao, kwenye karatasi ya zamu, mpaka kichwa kizoee.

Kuhusu folklifti, yaani gari la kuinulia mizigo ghalani, neno langu ni fupi: dereva aliyebeba mzigo mrefu mbele yake hakuoni, kwa hiyo usipite mpaka mmeangaliana usoni.

*

Kutoka: Dada wa Ilala

Mama, shikamoo. Kaka, pole sana kwa yaliyokupata.

Nilifanya kazi za ndani Ghuba miaka sita, na ningependa kutofautiana kidogo na kaka. Ghalani kuna wenzako, kuna kitabu cha ajali, kuna mkaguzi anayeweza kufika. Ndani ya nyumba ya watu uko peke yako, na kumwambia mwenye nyumba kwamba hujaelewa, au kwamba hutaki, kunaweza kuleta madhara saa hiyo hiyo. Kwa hiyo mengi ya usalama wa binti yetu yatatengenezwa hapa Dar es Salaam kabla hajaondoka.

Wakala awe amesajiliwa, na jina lake liulizwe katika ofisi ya serikali ya huduma za ajira kabla ya kutoa hata shilingi. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na nakala ibaki kwako Mbagala pamoja na picha ya pasipoti, picha ya viza, jina kamili la mwajiri na anwani ya nyumba. Mimi nilisaini mkataba mmoja hapa na nilipofika nikapewa mwingine wenye mshahara mdogo zaidi. Kwa sababu ile nakala ya kwanza haikuwa mikononi mwa mtu yeyote wa kwetu, sikuwa na la kuonyesha.

Ajue haki zake kwa nchi anayokwenda, kwa sababu nchi za Ghuba hazina sheria moja. Kule Falme za Kiarabu, sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2022 inampa mapumziko ya saa zisizopungua 12 kwa siku, na kati ya hizo saa 8 ziwe mfululizo. Inampa siku moja ya kupumzika kwa wiki, na inamruhusu kukaa na pasipoti yake mwenyewe. Tanzania ina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Namba zao aziandike kwenye karatasi na kuishona ndani ya pindo la nguo, kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Sasa nizungumzie bafuni na dirishani, maana huko ndiko nilikoona hatari ambazo hakuna aliyenitajia. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia, hata kama doa limegoma kabisa. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu nyingi za maghorofa hazina dirisha. Chupa zina maandishi ya Kiarabu, na mtu huona povu tu akadhani ni sabuni. Macho yakianza kuwasha na kifua kubana, toka nje na uache mlango wazi. Kusugua utamalizia baadaye. Na asitoke nje ya dirisha la ghorofani kufuta kioo, kwa amri ya mtu yeyote. Hapo, kaka, nakubaliana nawe kwa moyo wote: hiyo ni amri ya kukataa, hata kama kazi itaishia hapo.

Mume wangu alikuwa fundi wa nondo Muscat. Oman imekataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Yeye husema kwamba wanaoanguka zaidi ni wageni wa siku chache, kwa sababu mwili haujazoea na mgeni anataka kuonyesha kwamba ni hodari. Watu wa Dar es Salaam tunajidanganya kwamba joto tunalijua. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka na ngozi ikawaka moto, usimwache akajilaze. Piga simu ya dharura, mpeleke kivulini na ummwagie maji huku mkisubiri.

Jambo la mwisho ni kuvuka barabara. Huko Ghuba magari hupita upande wa kulia, na mazoea yetu ya Buguruni na Mwenge ya kutazama kulia kwanza yatamsaliti. Aanze kushoto, na atazame tena kushoto kabla ya kushusha mguu.

*

Kutoka: Dereva, Ujerumani

Mama, shikamoo. Sikukusudia kuandika, kwa kuwa umeuliza kuhusu ghala na nyumba, lakini najua madereva wa masafa marefu wanaosoma hapa na wanaotamani kuja huku.

Niliendesha malori kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma kwa miaka mingi. Lugha ya barabara yetu naijua: dereva wa mbele huwasha indiketa kumwambia wa nyuma apite au asubiri, na gari likiharibika hukatwa matawi yakatandazwa kama onyo. Huku indiketa ina maana moja tu, kwamba mwenye gari mwenyewe anageuka au anahama njia. Mgeni anayeisoma kwa Kiswahili atajiua. Gari likiharibika, vaa riflekta kabla hujafungua mlango, weka pembetatu ya onyo mbali nyuma ya gari, kisha simama nyuma ya chuma cha pembeni ya barabara, usikae kati ya lori na magari yanayopita. Foleni ikisimama katika barabara kuu, walio njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na wengine wote husogea kulia, ili gari la wagonjwa lipate upenyo katikati.

Baada ya kuendesha saa 4 na nusu ni lazima upumzike dakika 45, na kifaa kilichomo ndani ya gari kinarekodi kila dakika. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Siku hizi nikikumbuka usiku niliovuka Mikumi nikiwa nimefungua dirisha ili upepo unizuie kulala, namshukuru Mungu kwa kifaa hicho.

Wakati wa baridi kuna barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo hukaa juu ya lami ikafanana na maji. Darajani huwahi kuganda, kwa sababu upepo baridi hupita juu na chini. Ukifika darajani, usikanyage breki kwa ghafla wala usikate usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta na upite taratibu.

*

Kutoka: Kaka wa Tabata

Dada wa Ilala amenisahihisha, na ninakubali. Nilizungumza kama mtu aliyekuwa na wenzake pembeni. Kwa binti, kuuliza kuanze kwa wakala, hapa hapa, wakati bado ana uwezo wa kunyanyuka kwenye kiti na kuondoka.

Mama, Jumamosi nitakuwa nyumbani kuanzia saa kumi alasiri. Waje wote wawili na mikataba yao, hata kama imeandikwa kwa Kiarabu, kwa kuwa jirani yangu aliyesoma Khartoum ameahidi kutusomea. Kijana aje na buti alizonunua Kariakoo, nizitazame soli zake.